Heavy Plasma katika X-COM: UFO Defense: mwongozo kamili wa kuipata, kuifungua na kuitumia

Heavy Plasma ni bunduki nzito ya viumbe wa anga za juu katika mchezo wa kompyuta uitwao X-COM: UFO Defense, uliotoka mwaka 1994. Ulaya uliuzwa kwa jina la UFO: Enemy Unknown. Ulitengenezwa na Mythos Games, kampuni ya ndugu wawili wa Uingereza, Julian na Nick Gollop, na kuchapishwa na MicroProse. Ndani ya mchezo tarehe inaanza Januari 1, 1999. Dunia inavamiwa, nchi 16 zinachangia fedha, nawe unaongoza jeshi dogo linalopambana na wavamizi.

Naupigia debe mchezo huu hapa Dar es Salaam kwa sababu unatufaa. Kwenye mabanda ya gemu, kuanzia Manzese hadi Mbagala, utakuta vijana wamejaa kwenye mpira na magari, na anayependa kufikiri polepole hana pa kukaa. X-COM unachezwa kwa zamu: unasogeza askari wako wote, unamaliza, kisha adui naye anasogea. Aliyezoea kukaa kijiweni na bao la kete, akihesabu kete zitaishia shimo lipi kabla hajazinyanyua, ataelewa mara moja utamu wake uko wapi.

Bunduki yenyewe ndiyo yenye nguvu kuliko zote za kushika mkononi ukiacha zile zinazorusha makombora. Hata hivyo nimeona wengi wakiipata, wakaigawa kwa kila askari, halafu kikosi kizima kikateketea kwa bunduki hiyohiyo. Mwongozo huu unakupitisha kuanzia kuuweka mchezo kwenye kompyuta mpaka kumchagua anayestahili kuibeba. Hapo kwenye kumchagua mbebaji ndipo nitakapokaa zaidi.

Hatua ya kwanza: andaa kompyuta

Huhitaji mashine ya gharama. Laptopu ya mtumba ya Kariakoo, hata ile ambayo muuzaji anakwambia haifai kwa gemu, itauendesha bila shida. Mchezo unauzwa Steam na GOG, maduka ya gemu ya mtandaoni. Kwa mtu anayenunua bando kwa kupima, nashauri GOG: unapakua faili moja la kusakinisha, unalihifadhi kwenye flashi, na baada ya hapo huhitaji intaneti tena. Malipo yanahitaji kadi, na kadi ya mtandaoni unayoiunda kupitia huduma ya pesa kwa simu huwa inatosha.

Ukishaupata, sakinisha na OpenXcom. Hii ni programu huria na ya bure inayotumia faili za mchezo wako halisi, lakini inarekebisha hitilafu za zamani. Toleo la awali, la mfumo wa zamani wa DOS, lilikuwa na hitilafu mbaya: ukihifadhi mchezo na kuufungua tena, ugumu ulirudi kwenye ngazi ya chini kabisa bila kukuambia. Watu walicheza miaka wakidhani wameshinda ngazi ya Superhuman, iliyo ngumu kuliko zote. Pia toleo hilo lilikubali vitu 80 tu kwa kikosi kizima vitani, magazini (vikasha vya risasi) zikiwemo.

Kwenye mipangilio ya OpenXcom, washa uhifadhi wa kiotomatiki. Betri za laptopu za mtumba nyingi zimekufa, umeme ukikatika kompyuta inazima hapohapo, na pambano moja linaweza kuchukua jioni nzima. Nunua na kipanya, maana vitufe vya mchezo huu ni vidogo. OpenXcom inaendeshwa pia kwenye simu za Android, ila kwenye kioo kidogo kidole kinabonyeza mraba usioutaka, na mraba mmoja unatosha kumuua askari.

Hatua ya pili: ifahamu bunduki kwa tarakimu

Uzito wake ni 8, na magazini ni 3. Askari mpya huwa na nguvu kati ya 20 na 40, hivyo hata aliye dhaifu anaibeba bila kupunguziwa mwendo, ilimradi humrundikii mabomu. Magazini moja ina risasi 35. Uharibifu wake ni 115, ukilinganisha na 80 wa Plasma Rifle, 52 wa Plasma Pistol na 60 wa Laser Rifle.

Hiyo 115 ni wastani tu. Kila risasi inayogonga, mchezo unachagua namba kuanzia sifuri hadi mara mbili ya hiyo, yaani hadi 230, kisha unatoa unene wa siraha, yaani vazi au ngozi ya kinga, ya aliyepigwa. Ndiyo maana siku moja risasi inamwangusha Muton, askari shupavu wa adui, papo hapo, na siku nyingine Muton huyohuyo anapigwa na kuendelea kutembea. Muton ana uhai wa 125 hivi pamoja na ngozi ngumu, kwa hiyo risasi moja ya wastani haimtoshi. Sectoid, yule mfupi mwenye kichwa kikubwa, ana uhai wa 30 tu, na kumpiga kwa bunduki hii ni kupita kiasi.

Inafyatuliwa kwa namna tatu. Aimed Shot ina usahihi wa asilimia 110 na inakula asilimia 60 ya alama za muda za askari, zile zinazoandikwa TU kwenye skrini. Snap Shot ni usahihi wa asilimia 75 kwa asilimia 30 ya muda. Auto Shot inatoa risasi tatu mfululizo, kila moja kwa usahihi wa asilimia 50, kwa asilimia 35 ya muda. Usahihi huo unazidishwa na uwezo wa askari mwenyewe wa kulenga. Akipiga goti unaongezeka kwa asilimia 15. Akiwa ameshika kitu kingine mkono wa pili unashuka hadi asilimia 80 ya ulivyokuwa, kwa sababu bunduki hii ni ya mikono miwili. Nimeona askari wengi wakikosa shabaha kwa sababu tu ya bomu lililosahaulika mkono wa kushoto. Liweke kiunoni.

Hatua ya tatu: ipate uwanjani

Mwanzoni mwa Januari adui wengi hubeba Plasma Pistol na Plasma Rifle. Kadiri miezi inavyopita ndivyo Heavy Plasma zinavyozidi kuonekana, mpaka zinakuwa za kawaida. Huhitaji kuziwinda, unachohitaji ni kutoziharibu.

Mlipuko unaharibu vitu vilivyolala chini. Ukimwangusha adui kwa risasi, bunduki yake inabaki hapo alipoanguka. Ukirusha roketi au bomu la mkono karibu na maiti hiyo, bunduki inaweza kupotea. Kwa hiyo tangu misheni za kwanza jizoeze kumaliza kazi kwa bunduki za kawaida na leza, na mabomu uyaache kwa dharura.

Ukishinda, kila kilichobaki uwanjani kinakwenda ghalani kwako. Ukikimbia, unaondoka na kile tu kilichomo ndani ya chombo chako. Hapa kuna mbinu ninayoipenda: mambo yakiharibika, mtume askari mmoja aokote Heavy Plasma na magazini yake, arudi nayo ndani ya Skyranger, ndege inayobeba kikosi chako, kisha ondoka. Umepoteza alama za mwezi, lakini umeokoa utafiti wa wiki kadhaa.

Hatua ya nne: ifungue maabara

Kabla ya utafiti bunduki hii ni chuma tu mikononi mwa askari, anaweza kuitupa lakini si kuifyatua. Unatafiti bunduki na magazini yake, kila kimoja peke yake. Usiuze bunduki ya kwanza wala magazini ya kwanza kabla ya kuvitafiti.

Unaanza na wanasayansi 10, na maabara moja inabeba 50. Ajiri. Mwanasayansi mmoja anagharimu dola 60,000 kumwajiri na 30,000 kila mwezi. Heavy Plasma moja ya ziada inauzwa dola 171,600, kwa hiyo inaajiri wawili na kubakisha mshahara wa mmoja kwa mwezi wa kwanza.

Kuhusu mpangilio, msimamo wangu ni huu: anza na leza. Laser Weapons, kisha Laser Pistol, kisha Laser Rifle. Leza haihitaji risasi kabisa, inatengenezeka mapema, na inakuvusha miezi ambayo Heavy Plasma bado ni chache. Ukishakuwa na Laser Rifle za kutosha kikosi, hamia Heavy Plasma na magazini yake. Wapo wanaokwenda moja kwa moja kwenye plasma, na inawezekana, ila watapigana wiki nyingi kwa bunduki za mwanzo dhidi ya adui anayezidi kuwa na silaha nzito, na askari wanaokufa wiki hizo ndio wangekuwa walengaji wako hodari baadaye.

Hatua ya tano: usizitengeneze karakana

Baada ya utafiti, karakana itakuruhusu kutengeneza bunduki na magazini. Waache mafundi wafanye kazi nyingine. Magazini zinakula Elerium-115, madini ambayo huwezi kuyanunua wala kuyazalisha, unayapata kwenye vyombo vya adui tu. Elerium hiyo ndiyo inayotengeneza mavazi ya kinga ya Power Suit na Flying Suit, na chombo cha Avenger, ambacho bila hicho hufiki Mars. Kuitumia kwa risasi ambazo adui anakuletea bure kila wiki ni hasara.

Elerium ikikupungukia, vamia chombo kilichotua chenyewe badala ya ulichokitungua. Kila mtambo wa nguvu ulio mzima una Elerium 50. Chombo kilichoanguka mara nyingi mitambo yake imelipuka. Tatizo ni kwamba kwenye chombo kilichotua adui wote wako hai na wazima, kwa hiyo nenda mchana. Usiku askari wako wanaona miraba 9 tu mbele yao, hali adui anaona 20 kama kawaida.

Hatua ya sita: amua nani aibebe

Viongozi wa Sectoid, pamoja na Ethereal wote (aina nyingine ya adui), wanashambulia akili. Wanaweza kumtia askari hofu akafyatua ovyo, au kumteka kabisa akawa wao kwa zamu nzima. Aliyetekwa akiwa na bastola unampoteza mmoja au wawili. Akiwa na Heavy Plasma iliyojaa, amesimama katikati ya wenzake wanaompa mgongo, kikosi kinakwisha. Siraha ya mgongoni ni nyembamba kuliko ya kifuani, na hata Power Suit yenye unene wa 100 mbele inazuia kabisa risasi ya bunduki hii mara nne hivi tu katika kumi.

Kwa hiyo usigawe kwa kufuata cheo wala ulengaji peke yake. Jenga Psi Lab, chumba cha kufundishia nguvu za akili, mapema iwezekanavyo. Utafiti wake unadai umkamate hai adui mwenye uwezo huo wa akili. Chumba kimoja kinafundisha askari 10, na mwezi ukiisha unaona Psi Strength, yaani uimara wa akili, ya kila mmoja. Nguvu hiyo haibadiliki maisha yake yote, hata umfundishe vipi. Aliye nayo juu mpe Heavy Plasma. Aliye chini kabisa asiende kwenye misheni za Sectoid na Ethereal, hata kama ndiye mlengaji wako bora. Inauma, najua, hasa askari uliyempa jina la rafiki yako na ambaye amekuvusha tangu Januari. Mwache alinde kituo, au mpeleke kwa adui wa aina ya Snakeman, Floater na Muton, ambao hawana mashambulizi hayo.

Kabla Psi Lab haijajengwa, angalia kumbukumbu zako. Askari anayeshambuliwa akili mara kwa mara na kushindwa kila mara huwa ni yuleyule, kwa kuwa adui humtafuta aliye dhaifu. Ukimtambua, mnyang'anye bunduki hata katikati ya vita: atoe magazini, aiangushe chini, abaki mikono mitupu. Atakuwa mbeba mabomu ya moshi, au mtu wa kufungua milango.

Kigezo cha pili ni Reactions, yaani wepesi wa kujibu. Askari anapomwona adui akisogea kwenye zamu ya adui, anaweza kumfyatulia Snap Shot papo hapo. Nani anamuwahi mwenzake inategemea Reactions ikizidishwa na sehemu ya muda aliyobakiza. Mwenye Reactions 60 aliyebakiza muda wote anamshinda mwenye 80 aliyebakiza nusu. Mwenye Reactions nyingi basi asimame nyuma kidogo, asikimbie, abakize muda. Wa mbele anayefungua njia abebe Laser Rifle au bastola na siraha nzuri.

Kwa kikosi cha watu kumi na wawili hivi, mimi natosheka na Heavy Plasma nne au tano, wengine leza. Atakayekwambia zote ziwe Heavy Plasma ana hoja pale ambapo Psi Lab imeshamaliza kazi yake, si kabla.

Hatua ya saba: ifyatue ipasavyo

Chukua askari mwenye alama za muda 60 na ulengaji wa 60, amepiga goti. Aimed Shot inampa uwezekano wa asilimia 76 kugonga, kwa alama 36. Auto Shot inampa takriban asilimia 34 kwa kila risasi, lakini risasi ni tatu, na uwezekano wa angalau moja kugonga unafika asilimia 72, kwa alama 21 tu. Zaidi ya hapo, anaweza kugonga mara mbili au tatu, jambo ambalo Aimed haiwezi. Na risasi inayopotea haipotei kila mara, maana inaweza kumpata adui mwingine au kubomoa ukuta aliojificha nyuma yake.

Auto basi ndiyo ya kila siku. Auto mbili zinakula alama 42, zinabaki 18, na 18 ndiyo bei kamili ya Snap Shot moja. Askari aliyepiga goti tangu zamu iliyopita anaweza kupiga risasi sita na bado akawa na moja ya kujihami zamu ya adui. Kupiga goti kunakula alama 4, kwa hiyo akipiga goti zamu hiyohiyo hesabu inavunjika. Mpigishe goti mwishoni mwa zamu iliyotangulia, akiwa amefika mahali pake.

Ibakize Aimed kwa masafa marefu kabisa, au pale ambapo mwenzako yuko karibu na mstari wa risasi. Auto inatawanyika, na kwenye misheni za mjini kuna raia wanaokimbia ovyo. Risasi ya 115 kwa raia haina msamaha, na alama zake utazilipa mwisho wa mwezi nchi zinapoamua kuongeza au kupunguza mchango.

Nyumba, mabanda ya mashamba na uzio vyote vinabomoka. Adui akiingia ndani na kukaa dirishani, usimpeleke mtu mlangoni. Kaa mbali, piga ukuta hadi ufunguke, kisha mwenye Reactions nzuri amsubiri atoke.

Risasi 35 ni Auto kumi na moja na mbili za kubaki. Magazini moja ndani ya bunduki na moja mkanda wa kiunoni inatosha misheni ya kawaida. Kubadilisha magazini kunakula alama 15, hivyo badilisha ukiwa nyuma ya kitu, kabla haijaisha.

Hatua ya nane: jua pa kuiweka chini

Sectopod, mashine kubwa inayotembea na Ethereal, ina siraha ya 145 mbele, na plasma inaiathiri kwa upungufu. Leza inaiathiri zaidi ya kawaida. Hapo Heavy Laser, bunduki nzito ya leza, inafanya kazi ambayo Heavy Plasma inahangaika nayo, na ndiyo sababu nyingine ya kutouza leza zako zote.

Ukitaka kumkamata adui hai, kwa mfano Commander, kamanda wa adui, ambaye unamhitaji kabla ya safari ya mwisho, mwenye Heavy Plasma akae mbali na asiwe na muda wa kujibu. Tumia alama zake zote kabla ya kumaliza zamu, la sivyo atafyatua mwenyewe na kumuua mtu uliyemvizia usiku kucha. Mpe Stun Rod au Small Launcher, silaha za kuzimisha bila kuua, askari mwingine.

Misheni ya Cydonia, kule Mars, ina sehemu mbili, juu ya ardhi na chini yake, na katikati hakuna kurudi kituoni. Avenger inabeba askari 26. Hapa kila mbebaji awe na magazini mbili za akiba mwilini mwake, na kabla ya kuingia kwenye lifti ya kwenda chini pitia mifuko ya kila mmoja, kwa sababu magazini iliyoachwa mchangani huko juu hupaswi kuitegemea tena.